"Siumwi, nameza dawa tu": Bima ya safari na maradhi tunayosafiri nayo

Tangu Zanzibar ilipoanza, Oktoba 1, 2024, kumtaka kila mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya safari ya dola 44 za Marekani, na hasa baada ya hotuba ya bajeti ya Juni 2025 kupendekeza utaratibu wa namna hiyo kwa Tanzania Bara, mjadala umeng'ang'ania pesa. Wapo wanaohofia watalii watakimbilia kwingine. Wapo wanaosema kwamba kwa mtu aliyelipa nauli ya ndege kutoka Ulaya, dola 44 ni hela ya chai. Huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, nimesikia la tatu, na linasemwa kwa uhakika mkubwa: kwamba sasa mgeni akiugua kwenye hifadhi zetu za Gombe au Mahale bima italipa kila kitu, na kwamba sisi nasi tukienda kwao, ile bima tunayodaiwa kwenye viza inatulinda vivyo hivyo. Mabishano ya bei yatajimaliza yenyewe. Hili la tatu ndilo linaloweza kuifilisi familia, maana si kweli, na wengi hugundua kuwa si kweli wakiwa tayari kwenye korido ya hospitali ya ugenini.

Bima ya safari si bima ya afya. Imetengenezwa kwa ajili ya jambo la ghafla: kuteleza bafuni, malaria, kidole tumbo, ajali ya gari, mzigo uliopotea. Ugonjwa uliokuwa nao kabla hujapanda ndege, mara nyingi huwa nje ya mkataba, au ndani kwa masharti ambayo hakuna aliyekusomea. Msimamo wangu ni kwamba kuuacha nje ugonjwa huo kunaeleweka pale mtu anapokata bima kwa hiari yake. Serikali inapomlazimisha mtu kununua bima, sababu inayofanya jambo hilo lieleweke hupungua nguvu kwa kiasi kikubwa, na anayelazimisha hana budi kubeba sehemu ya mzigo. Na hata kwenye bima ya hiari, kampuni ambayo haikumuuliza mteja kwa maneno anayoyaelewa haipaswi kusikilizwa inaposema kwamba mteja alificha.

Tuangalie kwanza mtu wa Kigoma anakutana wapi na bima hizi. Anayeomba viza ya nchi za Schengen anatakiwa kuwa na bima isiyopungua euro 30,000, inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Sharti hilo limo kwenye Kanuni ya Viza ya Schengen ya 2009. Mzazi au babu na bibi wanaokwenda Canada kwa ile viza ya kukaa muda mrefu na watoto au wajukuu wao, wanadaiwa bima ya angalau dola 100,000 za Canada kwa mwaka mmoja. Anayekwenda Umra anaikuta bima imeunganishwa na viza yenyewe, kalipia pengine bila kujua. Kote huko, kinachokaguliwa dirishani ni kiasi, tarehe na nchi. Hakuna anayekuuliza kama mkataba wako unaitambua sukari yako. Ofisa akiona tarakimu imetimia, anagonga muhuri, nawe unatoka na karatasi ambayo kazi yake ya kwanza ni kuihakikishia nchi unayokwenda kwamba hutaiachia deni. Kukulinda wewe ni kazi ya pili, tena pale tu mkataba unaporuhusu.

Upande wa pili, wa wageni wanaokuja, Kigoma ina kichekesho chake. Pendekezo la Bara liliwaachia raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Sasa simama pale Kibirizi asubuhi boti zinapoingia, uhesabu nani anashuka. Mkongo yumo kwenye jumuiya zote mbili, Mrundi yumo ya kwanza, Mzambia yumo ya pili. Ziwa Tanganyika lina nchi nne tu, na zote tatu zinazotuzunguka zimesamehewa. Mimi naona ni sawa. Huwezi kumtoza dola 44 mama anayevuka na vitenge mara mbili kwa mwezi. Ila basi tusijidanganye kwamba utaratibu huu utabadilisha chochote kwenye foleni ya hospitali yetu ya Maweni. Kwa mkoa huu utawagusa watalii wachache wanaokwenda kuwaona sokwe, na kwao gharama kubwa si kitanda cha hospitali, ni chombo cha kuwatoa Mahale, ambako hufiki ila kwa boti au ndege ndogo. Mtalii wa miaka sabini mwenye moyo wa kutibiwa akibanwa na kifua kule juu mlimani, swali la kwanza litakalojibiwa kwa simu ya setilaiti litakuwa hilihili: moyo huo alikuja nao?

Kwa hiyo jambo lenyewe, kwa watu wa huku, liko kwa anayeondoka kuliko kwa anayeingia. Na hapo ndipo lugha inapotukwamisha, kabla hata ya sheria.

Shangazi yangu wa Ujiji alialikwa na binti yake Canada. Fomu ya bima ilijazwa usiku, kwa simu ya video: kule binti anasoma swali kwa Kiingereza, huku mimi natafsiri, shangazi yuko mkekani anachambua dagaa wa kumpelekea. Swali likauliza kama ana ugonjwa wowote. "Sina," akajibu. Nikamkumbusha kliniki ya kila mwezi. Akanitazama kama vile nimemsingizia. "Mwanangu, mimi siumwi. Nameza dawa tu." Dawa zenyewe zimo kwenye kopo la maziwa ya unga: za presha vidonge vyeupe, za sukari vile vikubwa vinavyomkwama kooni. Anavimeza kila siku kwa miaka tisa. Siku hiyo presha yake ilikuwa, kwa maneno ya nesi aliyempima asubuhi, "imekaa vizuri".

Alidanganya? Kwa Kiswahili chake, hata kidogo. Kuumwa kwetu ni hali ya sasa: unaumwa leo, kesho umepona. Presha hatusemi tunayo, tunasema imepanda. Sukari imepanda, sukari imeshuka, sukari imekaa sawa. Ni mambo yanayokuja na kuondoka kama maji ya ziwa kwenye ufuo wa Katonga, na siku yakiwa yametulia, mtu mwaminifu kabisa ataapa kwamba hana ugonjwa. Kampuni ya bima inafikiri kwa namna nyingine. Kwake ugonjwa ni kitu kilichoandikwa kwenye faili, na mara kikiandikwa hakifutiki kwa kutulia. Dawa ndiyo ushahidi kwamba kipo. Swali la "una ugonjwa wowote" linawakutanisha watu wawili wanaotumia neno moja kwa maana mbili. Lingeulizwa "kuna dawa yoyote unayomeza kila siku, hata kama unajisikia mzima", shangazi angelijibu kabla sijamaliza kutafsiri.

Tena tunazungumza juu ya wanaojua. Utafiti wa kitaifa wa 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 hivi wana kisukari. Wengi wao hawajawahi kupimwa. Hao watajibu "hapana" kwa nia safi, na baada ya wiki mbili daktari wa ugenini ataandika kwenye ripoti yake kwamba figo hizi zimeharibiwa na presha ya muda mrefu. Mikataba mingi huangalia kama ulikuwa na dalili au ulitibiwa kabla ya kukata bima. Neno "dalili" hapo ni pana kama mlango wa gulio. Kizunguzungu cha mwaka jana ulichokiita uchovu wa shamba, mtu wa kampuni anayekagua madai anaweza kukiita dalili.

Kuna sharti jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote kwa msafiri wa mikoa yetu, na silisikii likijadiliwa. Kampuni nyingi hukubali kuubeba ugonjwa wa zamani ikiwa tu "umetulia" kwa kipindi fulani kabla ya safari: siku 90, siku 180, wakati mwingine mwaka mzima. Umetulia maana yake hujalazwa, hujapata dalili mpya, na dawa haijabadilishwa. Haijaongezwa, haijapunguzwa, haijaachwa, haijaletwa nyingine. Kwenye nchi ambako dawa haikosekani dirishani, sharti hili linapima ugonjwa: daktari akibadilisha dawa, kuna jambo mwilini. Huku kwetu linapima stoo. Unafika dirishani unaambiwa nifedipini imeisha, chukua amlodipini. Mwezi wa tatu amlodipini nayo haipo, unapewa iliyopo. Mgonjwa yuleyule, presha ileile, lakini kwenye daftari lake la kliniki kuna mabadiliko mawili ya dawa ndani ya siku 90, na kwa kipimo cha mkataba, huyo hajatulia. Ameadhibiwa kwa gari la dawa lililochelewa. Shangazi alibadilishiwa mara moja namna hiyo, na kama nisingelifungua daftari lenyewe, lile la mistari lenye jalada la bluu, kurasa zimeshikana kwa mafuta ya mawese, tusingelijua kwamba jibu letu la "dawa haijabadilika" lilikuwa si sahihi.

Sasa nizisikilize kampuni, maana zina hoja, na hoja yao ya kwanza ni nzito. Bima ni kapu la wengi kwa ajili ya bahati mbaya ya wachache. Likiruhusiwa kumpokea kila mgonjwa bila swali, kwa ada ileile, wa kwanza kufika watakuwa wale wanaojua kwamba watadai. Wazima wakiona ada inapanda kwa ajili ya wengine watajitoa, ada itapanda tena, mwisho kapu litabaki na wagonjwa peke yao na halitamfaa yeyote. Mvuvi hawezi kukata bima ya mtumbwi akiwa ameshaliona wimbi. Wanaosema kwamba masharti haya ni utapeli mtupu hawajawahi kujiuliza nani angelipia bili ya wiki moja ya chumba cha wagonjwa mahututi Toronto au Paris kama kila msafiri angetozwa sawa bila kuulizwa chochote. Kuuliza ni halali. Kumtoza zaidi mwenye ugonjwa nako, ndani ya mipaka, ni halali.

Hoja yao ya pili ndiyo isiyosimama: kwamba madai hukataliwa kwa sababu wateja ni waongo. Msingi wake ni ile kanuni ya kale ya nia njema kabisa, kwamba anayekata bima lazima aseme yote anayoyajua hata kama hakuulizwa. Kanuni hiyo hurudishwa nyuma hadi hukumu ya Jaji Mansfield wa Uingereza, mwaka 1766, kwenye kesi ya gavana wa ngome moja ya Waingereza kisiwani Sumatra aliyekata bima dhidi ya kushambuliwa. Wafaransa wakashambulia kweli, na aliyemuuzia bima akasema gavana alificha udhaifu wa ngome. Wanaopenda kuitaja kesi hiyo husahau kusema nani alishinda. Alishinda gavana. Mahakama iliona kwamba aliyeuza bima London alikuwa na nafasi ya kujua na ya kuuliza, akachukua ada yake kimya, hivyo hawezi kugeuka baada ya hasara na kulia kwamba hakuambiwa. Na Waingereza wenyewe waliowarithisha wengine kanuni hii wameiacha kwa wateja wa kawaida: sheria yao ya 2012 iliondoa wajibu wa mteja kujitolea kusema yote, ikabakisha wajibu wa kujibu kwa uangalifu maswali aliyoulizwa. Kazi ya kuuliza vizuri ikarudi kwa kampuni. Huku wakala bado anaweza kumsomea mzee wa miaka 68 fomu ya Kiingereza kwa dakika nne, akamwekea alama za "hapana" mstari mzima ili amalize haraka, na saini ikahesabiwa kuwa ni ya mzee. Ukisema mzee ni mwongo hapo, umemtetea wakala.

Upande wa pili kuna wanaotaka kampuni zilazimishwe kulipia kila ugonjwa, na mfano wao ni Marekani, ambako sheria ya afya ya 2010 ilizikataza kampuni, kuanzia 2014, kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa wa zamani. Mfano mzuri, ila umekatwa nusu. Sheria ileile iliwataka watu wote wawe na bima, ikaweka adhabu kwa asiyekuwa nayo (iliyoshushwa hadi sifuri kuanzia 2019), na ikatoa ruzuku ili wazima wabaki ndani. Tena ilihusu bima ya afya; bima za safari hazikuguswa. Huwezi kuchukua marufuku ukaiacha ile nguzo iliyoibeba.

Lakini nguzo hiyo ndiyo inayoyafanya haya ya kwetu yawe tofauti. Hofu yote ya kampuni ni kwamba wagonjwa watakuja na wazima watakimbia. Bima inapokuwa ya lazima kwa kila anayeingia, mzima anakimbilia wapi? Kijana wa miaka 25 anayekuja kupiga mbizi analipa dola 44, na bibi mwenye betri ya moyo analipa dola 44. Kapu tayari lina wote. Ile sababu nzito niliyoikubali hapo juu imeondolewa na serikali yenyewe kwa kulazimisha, na anayeendelea kuutupa nje ugonjwa wa zamani kwenye kapu la namna hiyo anakusanya ada ya wazima na ya wagonjwa huku akiwahudumia wazima tu. Hili liangaliwe kabla utaratibu wa Bara haujazoeleka, maana sharti likishazoeleka huwa gumu kulitoa kuliko kodi.

Najua nitajibiwa: basi watu watakuja kwa ajili ya kutibiwa. Jibu liko kwenye Kiswahili chetu wenyewe, ambacho safari hii kinatusaidia. Kuna kwenda kutibiwa, na kuna kuzidiwa. Aliyepanga kubadilishiwa nyonga, kusafishwa damu kila wiki, au kuonana na bingwa, huyo amekwenda kutibiwa, na bima ya safari haimhusu. Aliyekuwa mzima kwa kiwango chake, akaanguka hotelini kwa sababu sukari imeshuka ghafla, huyo amezidiwa. Mikataba mingine ya nje tayari inaitambua tofauti hii na humlipia aliyezidiwa hadi kiwango fulani, mpaka atulie na aweze kusafirishwa. Kiwango kinaweza kuwa kidogo. Kinaweza kuwa na sehemu anayoilipa mgonjwa mwenyewe. Ila kiwepo, na kiandikwe ukurasa wa kwanza.

Kwa bima tunazokata sisi kwenda nje, hatuna amri juu ya Ottawa wala Brussels. Tuna amri juu ya wakala aliyekaa Mwanga hapa mjini Kigoma au Dar es Salaam na leseni ya hapa. Mwaka 2021 nchi ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Haieleweki kwa nini mtu ahukumiwe kwa Kiswahili lakini aulizwe habari za mwili wake kwa Kiingereza. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo ipo kwa Sheria ya Bima ya 2009, inaweza kuagiza maswali ya afya yaulizwe kwa Kiswahili, moja moja, kwa dawa na kwa tarehe, na majibu yabaki na mteja kwa maandishi. Inaweza pia kuagiza aulizwe faraghani. Hili la mwisho tunalipuuza sana. Mzee anayemeza dawa za kufubaza virusi hatalisema mbele ya mpwa wake aliyemsindikiza, na kijana mwenye selimundu hatalisema mbele ya foleni. Ukimya wao utakuja kuitwa udanganyifu.

Wakati huo kinachotubebea hasara ni kundi la WhatsApp la familia. Mtu akifia nje kwa ugonjwa wa zamani, kipengele cha kurudisha mwili mara nyingi huanguka pamoja na kile cha matibabu, kwa kuwa chanzo ni kimoja. Ndipo inapoanza orodha: fulani elfu hamsini, fulani ishirini, fulani ameahidi. Wanaochangia ni walewale waliochangia ada ya bima, na mwili ukifika Dar es Salaam bado una zaidi ya kilomita 1,200 za kufika Ujiji.

Shangazi alikwenda. Usiku ule tulirudi mwanzo wa fomu, tukajaza upya daftari likiwa wazi mbele yetu, ada ikapanda karibu nusu tena, na binti akanuna kidogo kwenye simu. Shangazi alikuwa na swali moja tu: je, sukari ikishuka akaanguka, watalipa au hawatalipa? Mkataba ulikuwa na kurasa 41. Tuliusoma hadi saa saba usiku, hatukupata jibu, ikabidi binti awapigie wenyewe. Akasubirishwa kwenye simu dakika hamsini, akaambiwa: inategemea.